Njia ya Msambweni na Nuru Ichelewayo

Kusini mwa Mombasa nchi imelala baina ya bahari na vilima. Mashariki ni Bahari Hindi, magharibi ni vilima vya Shimba; hivyo mkaazi wa pwani ya Kwale huliona jua likitoka majini na kulipoteza nyuma ya milima. Na usiku wa mwezi mpevu, jua linapotua mgongoni mwake, yeye huuona mwezi ukichomoza mbele yake kutoka baharini, mwekundu kama chungu kilichotoka motoni. Wageni huvuka dunia na kulipa fedha nyingi ili wayaone hayo. Wenyewe huyaona wakianua nguo au wakikokota ngalawa, na pengine hawayaoni kabisa, kwani jicho lililozoea huacha kutazama.

Habari hii ya kuona na kutoona ndiyo tuliyotaka kuiandika wiki hii. Mwezi wa Julai tulisafiri kutoka kisiwani Mombasa hadi Msambweni, mwendo wa kilomita 50 na kitu, na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Tulikuwa wanne ndani ya gari: sisi pamoja na binti zetu wawili na mjukuu wa kike wa miaka saba. Nyuma ya gari tulipakia sanduku la leso.

Sanduku lilikuwa la mwenzetu. Wazee wa pwani hawakupenda kulitaja jina la mke mbele za watu. Walisema "mwenzangu" au "watu wa nyumbani", nasi tumeishika desturi hiyo hata baada ya yeye kutangulia mbele ya haki, mwezi wa Juni, miaka minne iliyopita. Alizaliwa Msambweni. Tuliishi naye Mombasa miaka thelathini na mitatu, na maradhi yake ya mwisho yakamkuta huko kwao, kwa mdogo wake, akazikwa huko. Warithi walikwisha kupatana kwamba leso zake wagawiwe wanawake aliokuwa nao tangu utotoni. Lililobaki lilikuwa kuzipeleka.

Siku hizi mtu aweza kuikwepa feri kwa kupita barabara ya Dongo Kundu na daraja lake refu la Mteza. Sisi tulichagua feri ya Likoni, kwa kuwa njia ile mpya yeye hakuidiriki. Mwenye kwenda kwa miguu halipi kitu kuvuka, na pengine ndiyo sababu ya msongamano ule wa watu, baiskeli, mikokoteni na vikapu vya embe ambao haumalizwi na feri yoyote. Ng'ambo, barabara hupita Ng'ombeni, Waa na Tiwi, katikati ya minazi na mikorosho, na hapo msafiri hana la kusimamia mpaka afike mahali Mto Mwachema unapoingia baharini.

Pale mdomoni mwa mto, chini ya mibuyu mikubwa, ndipo ulipo Msikiti wa Kongo. Wataalamu huukadiria kuwa wa karne ya 14 au ya 15, na hadi leo husaliwa. Hilo ndilo linaloutenga na magofu mengi ya pwani yetu, ambayo mtu huyatazama kwa tikiti na kuondoka. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe hayo hayo yaliyochomwa. Kila jiwe, basi, lilikuwa zamani viumbe hai ndani ya maji kabla ya kuwa ukuta unaoelekea Qibla. Tuliswali Adhuhuri humo, rakaa nne kamili, kwa kuwa safari yetu haikufikia kadiri ya kupunguza sala. (Mmoja wa binti zetu aliuliza, na swali hilo huulizwa kila mwaka na wasafiri wa Diani, ndiyo maana tumelitaja.)

Anayeingia msikitini mle kutoka kwenye jua la saa saba hupofuka kwa muda. Huona giza tupu, kisha nguzo, kisha mihrabu, na mwisho nyuzi za mkeka. Hakuna kilichobadilika ndani. Jicho lake ndilo lililongoja. Aliyeyachunguza mambo haya kwa makini zaidi ya wote waliomtangulia alikuwa Muislamu, Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa mwaka 965 hivi, aliyefia Cairo mnamo mwaka 1040. Kabla yake wengi walidhani kwamba jicho hutoa miale yake na kuvigusa vitu kama kipofu agusavyo kwa fimbo. Yeye, katika Kitab al-Manazir, alieleza kwamba nuru ndiyo inayotoka kwenye vitu na kuliingia jicho. Mojawapo ya hoja zake ni nyepesi hata mtoto aielewe: atazamaye jua huumia, na kama jicho ndilo lingekuwa linatoa miale, maumivu hayo yangetoka wapi?

Lakini alisema na jambo jingine, lisilonukuliwa sana, nalo ndilo lililotukaa moyoni njia nzima. Kuona, kwa maelezo yake, hakumaliziki jichoni. Nuru huleta sura, na nafsi huilinganisha sura hiyo na zile ilizokwisha kuziweka akiba, ndipo mtu akasema, "Huyu ni fulani." Bila kumbukumbu twaona rangi na umbo, hatumtambui mtu. Ndiyo maana twamjua jamaa yetu kwa mbali sana, kwa mwendo wake tu, kabla uso haujaonekana. Na ndiyo maana, katika mwaka ule wa kwanza, tulikuwa tukimwona mwenzetu sokoni Marikiti, mgongo wake na leso yake, mpaka mwanamke yule ageuke akawa mtu mwingine.

Diani tulipita upesi. Ufuo wake ni mweupe kama unga, na mwamba ulio mbali kidogo huvunja mawimbi ili bahari ya ndani itulie. Sifa hizo zinajulikana na hazihitaji kalamu yetu. Mjukuu alifurahishwa zaidi na ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, na tukalazimika kusimama mpaka mmoja apite, mweusi, mabega yake meupe, mkia ukining'inia, naye hakututazama hata kidogo. Tatizo la Diani, kwa macho yetu, ni usiku wake. Taa zimekuwa nyingi kiasi kwamba mtu aliyesimama ufuoni huiona hoteli vizuri na mbingu vibaya. Nuru nayo inaweza kuwa pazia.

Baada ya Ukunda nchi hupoa. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ulikuwa upande wetu wa kushoto. Ni mmojawapo wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na aingiaye hufungwa kitambaa cheusi kiunoni na kutakiwa adabu. Hatukuingia. Gazi tulisimama kununua maji. Huko ndiko alikokaa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kukimbilia upande wa Wajerumani, na huko ndiko ilikoenea mikoko ambayo siku hizi huuzwa bila kukatwa. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, wa wanakijiji wenyewe, umekuwa ukipata fedha kutoka ng'ambo kwa sababu miti ile na matope yaliyo chini yake huihifadhi hewa ya ukaa, na fedha hizo zimeingia katika maji na shule za kijiji. Mwenzetu alipoelezwa hayo mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ubavu: kwamba kuna watu wanaonunua hewa, tena hewa ambayo haitafika kwao.

Tulipokuwa tukisimuliana hayo garini, binti mkubwa akanyamaza, halafu akasema, "Namwona akicheka, lakini simsikii."

Hakuna aliyemjibu, kwa maana kila mmoja wetu alikuwa ameyaona hayo kwa upande wake na kuyaficha. Uso umehifadhiwa na picha. Sauti haikuhifadhiwa na kitu, kwani hakupenda kurekodiwa. Hata katika harusi za watoto alijiondoa mbele ya kamera. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukiisikia kila pembe ya nyumba. Mwaka wa pili ilitubidi tuitafute. Kufikia mwaka huu wa nne tulikuwa tukikumbuka maneno aliyoyasema, yote, lakini tukiyasoma moyoni kwa sauti yetu wenyewe. Mauti ya kwanza ni ya Mwenyezi Mungu na hatuna la kusema ila kuridhia. Hii ya pili, inayotokea ndani ya kichwa cha aliyebaki, ndiyo tuliyokuwa tukiiogopa.

Hapa tuseme neno juu ya mgane, kwa kuwa halisemwi. Mjane ana eda yake, miezi minne na siku kumi. Sharia imempa muda, na watu wote wa mtaa wanajua kwamba yumo ndani ya muda huo. Mwanamume hana eda. Matanga huondolewa siku ya tatu, na siku ya nne yumo dukani au ofisini, na watu humsalimu kama jana. Hatusemi kwamba hukumu ingekuwa vingine. Hekima yake inajulikana. Twasema tu kwamba desturi yetu imechukulia kwamba asiye na eda hana huzuni, na baada ya miezi michache humletea majina ya wanawake. Wanaofanya hivyo hufanya kwa mapenzi, na kuoa tena ni jambo la heri. Lakini aliyemwoa Khadija, radhi za Allah zimshukie, akamwoa tena asiyekuwa Khadija, hakuacha kumtaja Khadija.

Msambweni tuliingia baada ya Alasiri. Nyumba ya shemeji iko nyuma kidogo ya hospitali, kwenye njia ya mchanga iendayo pwani, ina baraza la saruji na mwembe mkubwa mbele. Mwenyewe alikuwa ametoka shambani na hajarejea; vijana wake wakatutandikia mkeka barazani, wakatuletea madafu. Tukakaa. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kutoka baharini na majani ya mwembe yakipiga kelele. Ndipo kutoka nyuma ya nyumba, upande wa jiko, pakatoka sauti: "Assalaam alaykum! Wenyewe wamefika?"

Ilikuwa sauti yake. Si mfano wake. Ile ile, pamoja na namna ya kulivuta neno la mwisho, na uchovu kidogo wa mtu aliyebeba kitu kichwani. Binti mdogo alisimama wima, dafu likamwagika. Shemeji akatokea pembeni mwa nyumba na fungu la kuni, akatukuta tumeganda kama tuliofumwa, akadhani kuna msiba. Wanaishi hivyo ndugu wa tumbo moja: sauti yake hatukuwa tumeisikia kwa simu isipokuwa imekatikakatika, na alipokuwa hai dada yake hatukuwahi kuzilinganisha, kwa kuwa hatukuwa na haja.

Usiku huo tuliwakumbusha mabinti habari iliyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha, nayo imo katika vitabu sahihi vya hadithi. Hala binti Khuwaylid, ndugu yake Khadija, alifika Madina akaomba idhini ya kuingia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume aliposikia namna ile ya kuomba idhini aliitambua, ikamkumbusha Khadija, akashtuka, na akatamani awe ni Hala. Miaka ilikuwa imepita tangu Mwaka wa Huzuni, alipompoteza Khadija na Abu Talib pamoja. Kuna na habari ya kidani: baada ya vita vya Badri, binti yake Zaynab alipeleka kutoka Makka fidia ya mumewe aliyetekwa, na ndani ya fidia hiyo mlikuwa na kidani alichopewa na mama yake siku ya harusi, Mtume alipokiona moyo wake ulilainika sana. Na alikuwa akichinja kondoo, akimkata vipande, na kuwapelekea marafiki wa Khadija. Ukiziweka habari hizi tatu pamoja utaona kumbukumbu ikiingia kwa sikio, kisha kwa jicho, kisha ikitoka kwa mkono. Leso zetu tulizipeleka kwa kufuata hiyo ya tatu.

Tulizuru kaburi kabla ya Magharibi. Pwani hii ya Kwale ina jambo ambalo wengi hawalitambui: Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa. Maiti alazwapo ubavu wa kulia na kuelekezwa Qibla, kichwa chake huwa upande wa bahari na uso wake huelekea kaskazini, ambako mabaharia wa zamani walikuita Jaa, kwa jina la nyota isiyohama. Suheli, kwao, ilikuwa nyota ya kusini, na hata leo wazee wachache hutaja pande za dunia kwa majina hayo mawili. Lakini Jaa yenyewe haionekani Msambweni. Tumevuka mstari wa ikweta, nayo imezama chini ya upeo wa macho. Mwenzetu, basi, ameelekezwa upande wa nyota ambayo sisi tuliosimama juu yake hatuwezi kuiona. Tulisoma Yasini, tukaomba, tukang'oa magugu mawili matatu.

Baada ya Isha tulishuka ufuoni. Maji yalikuwa yamekupwa, na Msambweni bado ina giza la kutosha. Mbingu ya Julai, mawingu ya kusi yakipata nafasi ya kufunguka, ni kitu kisichosimuliwa vizuri: ule mkanda mweupe wa nyota unapita juu ya utosi kutoka kusini hadi kaskazini, na mtu aliyelala mchangani huhisi kwamba yeye ndiye anayening'inia. Mjukuu akauliza, "Babu, nyanya ni nyota gani?" Alikuwa ameona katika katuni kwamba wafu huwa nyota.

Tulimwambia kwamba nyanya si nyota. Yuko katika barzakh, na habari zake anazijua Mola wake. Na tukamsimulia ya Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, aliyefariki siku jua lilipopatwa, watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume aliwakataza, akawaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Baba aliyetoka kumzika mwanawe, na macho yake yalikuwa yamelia, hakukubali mbingu ziombolezwe kwa jina lake. Twadhani hakuna habari nzito kuliko hiyo kwa mtu aliyefiwa. Siku mwenzetu alipofariki bahari ilijaa saa yake na kupwa saa yake.

Mtoto hakuridhika sana, na kwa haki. Basi tukampa kitu kingine, ambacho ni kweli nacho. Nuru, pamoja na mbio zake zote za kilomita 300,000 kwa sekunde, huchelewa. Ya mwezi hutufikia baada ya sekunde moja na ushei. Ya jua baada ya dakika nane. Kwa nyota ni miaka. Upande wa kusini, karibu na msalaba wa nyota nne, kuna nyota mbili zinazong'aa zimefuatana. Ile ing'aayo zaidi Waarabu waliiita mguu wa Qantawris, nayo ndiyo jirani wa jua letu aliye karibu zaidi kati ya nyota tunazoziona kwa macho matupu. Nuru yake husafiri miaka minne na miezi kama minne. Tukahesabu kwa vidole pamoja naye. Nuru iliyokuwa ikituingia machoni usiku ule iliondoka kule mwenzetu akiwa hai, mzima, akisuka ukili barazani kwake na kumkaripia mwuza samaki. Nuru ya siku ya kifo chake ilikuwa bado njiani. Ingefika baada ya miezi mitatu hivi.

"Na ile?" Kaskazini, juu sana, kulikuwa na nyota yenye rangi ya chungwa bivu: as-Simak ar-Ramih, mwenye mkuki. Hiyo iko umbali wa miaka 37 ya mwendo wa nuru. Tukanyamaza kidogo tukihesabu, maana miaka thelathini na saba ndiyo iliyopita tangu nikaha yetu katika msikiti ulio hatua chache kutoka pale tulipoketi. Chini yake, kaskazini mashariki, an-Nasr al-Waqi', tai atuaye, miaka 25: mwaka aliozaliwa binti mdogo. Binti mwenyewe akageuka kuitazama na kushika mikono kifuani. Hatukumwambia mtoto kwamba nyota hizo zinatukumbuka. Hazimkumbuki mtu. Tulimwambia tu kwamba habari ya zamani bado inasafiri, na kwamba anayetazama juu haoni kamwe usiku mmoja, bali siku nyingi zilizowekwa pamoja, na baadhi ya siku hizo nyanya yake alikuwamo.

Katika Sura ar-Rum, aya ya 21 yataja kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu ni kutuumbia wenza kutokana na nafsi zetu ili tupate utulivu kwao, na kutuwekea mapenzi na huruma. Na aya ya 22, bila kupisha kitu kati, yataja kuumbwa kwa mbingu na ardhi na kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu. Tulikuwa tumezisoma aya hizo mbili tangu chuoni, na kadi za harusi zimetuzoesha kusimama baada ya ile ya kwanza. Pale mchangani zilitujia kwa mfuatano wake. Mke na mbingu zimewekwa katika orodha moja, na mke ametangulia. Na mwisho wa aya ya pili hutajwa wenye kujua, kana kwamba sauti ya mtu, ule ulimi usiofanana na mwingine, ni elimu ya kuchunguzwa kama nyota.

Na zichunguzwe, kwani jicho peke yake halitoshi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kutazama mbingu kwa miale ya eksirei. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Miale hiyo haipenyi hewa ya dunia, hivyo tangu Adamu hakuna mtu aliyesimama ardhini akaiona. Uhuru iliyagundua zaidi ya mahali 300 mbinguni panapowaka kwa nuru tusiyoweza kuiona, pamoja na kusaidia kulitambua shimo jeusi lililo katika kundi la Bata Maji. Na haya yalitokea pwani hii hii yetu, wavuvi wakitega malema chini yake. Tungependa shule zetu zingewaeleza watoto hivyo mara moja moja.

Alfajiri tulitoka tena, baada ya adhana ya kwanza. Kilimia kilikuwa kimepanda juu ya bahari, kishada kidogo cha nyota ambacho mtu hukiona vizuri zaidi asipokikazia macho. Wakulima wa pwani husema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilikuwa kimezama wakati wa masika na sasa kimezuka kwa jua, kama ilivyotakiwa. Nuru yake ni ya miaka 440 hivi. Ilipoondoka, Wareno hawakuwa bado wameanza kuijenga Ngome ya Yesu, iliyoanzwa mwaka 1593. Tulikitazama mpaka mapambazuko yakakifuta, nyota moja moja.

Sanduku lilifunguliwa barazani saa tatu, baada ya chai na mahamri. Harufu ya udi ilitoka kwanza. Walikuja wanawake kumi na mmoja, wengine kwa fimbo, na shemeji ndiye aliyegawa, kwa sauti ile, akilitaja jina la kila mmoja na kueleza leso hii ilinunuliwa lini na kwa harusi ya nani. Mambo mengi kati ya hayo hatukuwa tukiyajua. Mmoja alijifunika kichwa palepale asionekane uso. Mwingine akasema rangi haimpendezi, abadilishiwe, na watu wakacheka, maana hata marehemu alikuwa akimlalamikia kwa hilo. Binti mkubwa aliketi karibu na shemeji muda wote huo na simu mapajani, akirekodi, baada ya kumwomba ruhusa. Kisutu cha harusi, chekundu na cheusi na cheupe, hakikugawiwa. Kimekwenda kwa binti mdogo, ambaye nikaha yake ni mfungo sita, inshallah.

Ikabaki leso moja, jozi haijakatwa, yenye kipande cha karatasi kilichoandikwa jina kwa mkono wake. Mwenye jina hilo aliolewa Vanga miaka mingi, na hakuna aliyejua kama yu hai. Shemeji akasema basi aiweke yeye mpaka habari zipatikane. Tulitazamana. Jua lilikuwa bado halijapanda, na barabara ya Lunga Lunga ni lami. Tukamrudishia mjukuu viatu vyake, tukaomba radhi kwa chakula cha mchana tusichokingoja, tukatoka Msambweni kwa upande wa kusini, kuelekea Ramisi.